Namba Tatu

Tulimfanyia usaili maktaba,
kwa kuwa ofisi ya Mkuu wa Chuo ilikuwa inavuja,
na pangaboi la maktaba lina tabia yake:
hugeuza kurasa za watu kabla hawajamaliza kusoma.

Wa kwanza alikuja na vyeti ndani ya nailoni,
akasema "falsafa" mara saba. Nilihesabu kwa vidole, chini ya meza.
Wa pili alikuwa anamjua fulani wa wizarani.
Wa tatu ni Zuberi Mntangi, wa Makorora,
miaka ishirini na minne, goti la kulia limeshonwa,
kidevu bado kinatafuta ndevu.
Aliegemeza baiskeli dirishani, akaomba radhi kwa jasho,
akaketi kwenye ncha ya kiti
kama mtu aliyekuja kudai deni na anaona haya.

Nilimkumbuka. Sikusema.
Miaka sita nyuma alikuja majaribio hapahapa,
nikamkata siku ya pili, kwa kalamu nyekundu,
kwa sababu ambayo leo siipati.

Bi Mwanaidi wa uhasibu akamuuliza cheti.
"Ninacho kimoja, cha awali."
Uzoefu?
"Watoto wa Mabawa, chini ya miaka kumi na tano. Hawalipi."
Mkuu akauliza: ukipewa timu hii, utaanza na nini?

Hakutaja mfumo. Hakuchora mishale.
Alitoa daftari la shule, jalada limeingia mafuta ya mnyororo,
akasema ametutazama mechi nne,
nje ya ua, upande wa choo,
maana kiingilio ni buku, na buku yake ilikuwa na kazi nyingine.

"Namba sita akichoka hugeukia kushoto tu.
Kipa wenu anaogopa mvua, haogopi mpira.
Na namba tatu..."
Akasita. Akanitazama mimi.
"Namba tatu haoni, mwalimu.
Mpira wa juu anausikiliza.
Mpelekeni Bombo akapimwe macho."

Pangaboi likageuza ukurasa.

Namba tatu ni Heri Shemdoe, mwaka wa pili.
Miezi mitatu nimemzungusha uwanja
saa saba mchana, jua la Tanga likimchuna shingo,
kwa kosa la uvivu. Nilimwita gogo.
Nilimwita mbele ya wenzake, wenzake wakacheka,
naye akacheka, ili yaishe.

Kijana alipotoka, Bi Mwanaidi akafunga kalamu:
"Mdogo mno. Wachezaji watampanda kichwani."
Mkuu akasema mshahara ni laki mbili na nusu,
nani mwingine ataukubali?
Kisha wakanigeukia mimi,
mimi niliyekaa benchi lile miaka kumi na tisa peke yangu,
nikijishauri mwenyewe na kujikubalia.

Ningeweza kusema bado mbichi. Neno lilikuwa tayari,
limekaa ulimini kama punje ya wali.
Nikasema: "Huyu."
Sikueleza. Wakadhani ni huruma.

Mkataba ulichapwa na makosa, Zuberi akawa Zubeda,
ukarudi, ukachapwa tena, wiki mbili zikapita,
naye siku zote hizo yuko uwanjani,
anapanga makopo ya rangi yawe koni,
anamuuliza kila mtu amekula nini asubuhi.

Heri alirudi Bombo na miwani minene kama kitako cha chupa.
Zuberi akaifunga kisogoni
kwa ukanda aliokata kwenye tyubu ya baiskeli yake,
akaenda katikati, akampigia mpira wa juu.

Mimi nilikuwa mstarini, nimeshajaza pumzi,
"gogo" imeshafika kwenye meno.
Heri akarudi hatua mbili,
akautazama mpira ukija,
akautazama kama mtu anayesoma barua ya kwao,
akautuliza kifuani.

Nikabaki na neno langu mdomoni.
Nililimeza. Lilikuwa kubwa.